Mzee aliuza gari lake la mashindano mwaka 1974, sasa anataka nimrudishie la sentimita 28 (uzi wa vigari vya daikasti)

#1 Fundi Toi

Wakuu, habari za wikiendi. Uzi huu nimeuahirisha tangu Novemba. Leo theluji imenifungia ndani hapa Columbus, Ohio, kwa hiyo sina kisingizio. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Wanaonijua humu wanajua kazi yangu ni kulea wazee. Nawafuata majumbani, nawaogesha, nawapa dawa, napika, tunapiga soga hadi zamu iishe. Mmoja wao ana miaka 81. Miezi miwili ya mwanzo hakuwahi kuniambia zaidi ya "asante" na "punguza sauti ya tivii". Halafu siku moja nafuta vumbi, kitabu kikaniponyoka, kikadondosha kikaratasi kilichofifia. Nikadhani ni risiti ya duka la dawa. Nimekiokota nakipeleka kwenye ndoo ya taka, nashtukia mzee ambaye hanyanyuki kitini bila kushikwa mkono amesimama mlangoni, mwenyewe, bila fimbo.

Kikaratasi kile ni cha muda. Huku kuna mbio zinaitwa dragi: magari mawili, njia moja iliyonyooka, robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona, hakuna raundi ya pili. Ukifika mwisho unapewa karatasi yenye sekunde zako. Yake imeandikwa kwa kalamu: 13.82. National Trail Raceway, pale Hebron, mashariki ya mji huu, mwaka 1972. Gari: Plymouth Road Runner ya 1969, rangi ya bluu, aliyoinunua mpya kwa hela ya ovataimu za kiwandani. Akaikimbiza kila Jumamosi ya kiangazi kwa miaka minne. Mwaka 1974, mtoto wa pili kazaliwa, mafuta yamepanda bei, akaiuza dola 900. Hajaiona tena.

Sasa, juu ya friji yake kuna kigari cha daikasti, yaani kile cha chuma cha mapambo, cha Road Runner hiyohiyo ya 1969. Kizuri kweli, milango inafunguka, boneti inafunguka. Watoto wake walimnunulia siku ya kuzaliwa. Kimegeuzwa kinatazama ukuta. Nikamuuliza kulikoni. Akasema: "Hilo ni gari la mtu mwingine."

Maneno hayo yalinikaa kichwani wiki nzima. Mimi nachezea vigari hivi tangu nifike huku, navibomoa, navipaka rangi upya, navirudishia. Nikamwambia mzee, nipe muda, nitakutengenezea lile lako. Akanitazama kama ninavyomtazama fundi anayesema kesho jioni.

#2 Mshamba wa Jiji

Nimevuta kigoda. Endelea mkuu.

#3 Mama Wawili

Mtu mzima na vitoi! Wenzio wa huko Marekani wanapandisha ghorofa Kibaha, wewe unanunua gari lisilobeba hata kilo ya unga.

#4 Spana 17

Dada muache, kila mtu na ugonjwa wake. Mkuu, maswali mawili kutoka hapa Gerezani, Dar. Injini ya hilo gari ni ukubwa gani? Na hayo magari ya zamani ya Kimarekani yenye kelele yana jina maalumu au ni magari tu? Halafu uzi bila picha ni hadithi za sungura.

#5 Fundi Toi

Mama Wawili, shikamoo. Kibaha nina kiwanja, msingi umeota majani, tusiongee hayo hapa.

Spana, picha za mzee sitaweka, kazini kwetu ni mwiko. Za kigari zitakuja.

Injini ni inchi za ujazo 383, kwa hesabu zetu lita 6.3, silinda nane. Toyota IST inayopita hapo mbele ya kijiwe chako ni lita 1.3 au 1.5. Ziweke IST nne chini ya boneti moja, bado mzee ana chenji.

Wenyewe wanayaita magari ya misuli. Hesabu yake ni nyepesi: chukua bodi ya saizi ya kati, ile ya baba kupelekea watoto shule, itumbukizie injini ya gari kubwa. Wengi wanaanza kuhesabu kutoka Pontiac GTO ya 1964. General Motors walikuwa na sheria ya ndani kwamba gari la saizi ile injini yake isizidi inchi 330. Watu wa Pontiac wakachukua 389, wakaiandika kwenye karatasi kama nyongeza ya hiari kwenye Tempest, siyo gari jipya. Sheria ikapitwa pembeni mchana kweupe. Utadhani walisomea kwetu.

Baada ya hapo kila kampuni ikataka lake, na bei zikapanda. Plymouth mwaka 1968 wakarudi chini: Road Runner, siti ya benchi, mpira sakafuni badala ya zulia, bei ya kuanzia chini ya dola 3,000, halafu hiyo 383 inakuja nayo bila kuongeza senti. Jina walilipia Warner Bros. dola 50,000, sababu ni la yule ndege wa katuni, na honi wakaitengeneza ilie bip-bip kama yeye. Mwaka wa kwanza ziliuzwa kama 45,000, mwaka 1969 zaidi ya 80,000. Ni gari la kijana wa kiwandani. Mzee wangu alikuwa kijana wa kiwandani.

#6 Yakhe wa Ruwi

Assalaam aleikum jamaa. Yakhe, mie niko Muscat, magari haya yapo huku, vijana wanayapenda, Ijumaa unayasikia kabla hujayaona. Nna swali. Hicho kigari walompa wanawe kina kasoro gani? Mwaka sawa, jina sawa. Au rangi tu?

#7 Fundi Toi

Waaleikum salaam yakhe. Swali lako ndilo uzi wenyewe.

Kile cha juu ya friji ni cha rangi ya chungwa. Ukifungua boneti kuna Hemi. Hemi ni ile inchi 426, lita 7, nguvu farasi 425 kwenye karatasi, na ulikuwa unaongeza zaidi ya dola 700 kuipata. Katika Road Runner zote za 1969, zenye Hemi hazifiki moja katika kila mia. Lakini pita kwenye rafu za wakusanyaji wa daikasti, utadhani Marekani nzima iliendesha Hemi! Mwenye kiwanda cha vigari anatengeneza kile ambacho kila mtu alikitamani. Kile ambacho watu walikuwa nacho hakitengenezi, nani atanunua?

Ndiyo maana mzee akasema ni gari la mtu mwingine. La kwake lilikuwa 383. Ringi za chuma nyeusi, bila wilikapu. Nyuma limenyanyuliwa. Matairi ya nyuma kipara, yaani kipara cha kununua, yanauzwa hivyo ili yashike lami (trafiki wa Morogoro Road angeandika faini mpaka kalamu iishe wino). Na mlango wa kulia ulikuwa MWEUPE. Mdogo wake aliugonga kwenye nguzo ya geti, wakapata mwingine kwenye yadi ya magari mabovu, wa Plymouth Belvedere ambayo bodi yake ni ileile, na hela ya kupaka rangi ikaenda kwenye kabureta. Kwa misimu miwili gari lilikimbia na mlango mweupe. Kule uwanjani hawakulijua kwa jina la mzee. Walisema "lile la mlango".

Na picha anazo mbili tu. Moja nyeusi na nyeupe, gari lote. Nyingine ya rangi, lakini mke wake ndiye aliyelengwa, gari linaonekana nusu ya nyuma.

#8 Mshamba wa Jiji

Mlango mweupe! Hiyo ndiyo daladala ya Mbagala.

#9 Nakuru ya Vumbi

Wadau, mimi ni wa Kenya, nimesoma nikacheka peke yangu kwa matatu. Hii shida ya "gari safi kuliko ukweli" tunaijua sana sisi wa Safari Rally.

Kwanza niwakumbushe, hizo misuli zilifika kwetu pia. Safari ya 1964, Wamarekani walileta Mercury Comet sita zenye V8, na mameneja, na mafundi, mambo yote. Zikamaliza mbili. Aliyeshinda ni Peter Hughes na Billy Young na Ford Cortina GT, kagari ka kwenda nako sokoni. Barabara zetu hazijali misuli yako.

Sasa mimi nakusanya za Safari pekee. Kuna ile Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, aliyoshinda nayo Edgar Herrmann 1971, Kyosho waliitoa skeli 1:18. Nimeitafuta miaka. Imefika, nafungua boksi, inang'aa kama ya harusi. 240Z imemaliza Safari na haina hata tone la matope! Nikaenda shambani kwa mamangu nje ya Nakuru, nikachota murram kijiko kimoja, nikaichekecha kwa soksi ndefu ya bibi yangu hadi ikawa kama poda, nikachanganya na vanishi isiyong'aa, nikapiga kwa brashi kuu kuu kutoka nyuma ya gurudumu kwenda nyuma, vile tope huruka. Bibi alitafuta soksi wiki mbili. Wenye duka huniambia nimeiharibia thamani. Wacha waseme. Hilo vumbi ni la huko huko.

#10 Fundi Toi

Nakuru, umenimaliza na hiyo soksi. Naiba hiyo mbinu.

Haya, kazi yenyewe.

Skeli kwanza, kwa wageni. 1:18 maana yake gari halisi limegawanywa mara kumi na nane. Road Runner ina urefu wa mita 5 na sentimita 15 hivi, kwa hiyo kigari kinakuwa kama sentimita 28 na nusu. Kwa 1:43 ni sentimita 12, kwa 1:64 ni 8. Vile vidogo vya dukani, Hot Wheels na wenzake, vinaitwa 1:64 lakini msiviamini sana, vinabanwa vitoshe kwenye kifurushi, ndiyo maana lori na kigari kidogo vinatoka urefu mmoja. Kwa mtu wa miaka 81 mwenye macho yaliyofanyiwa upasuaji, ni 1:18 tu.

Nikaagiza kilichotumika, dola 45, tangazo linasema 1969. Kimefika, nikampelekea mzee kabla sijakigusa. Hata hakuvaa miwani. "Hiyo ni ya 70." Grili tofauti, taa za nyuma tofauti. Mimi nilishazitazama picha mia, sikuona. Muuzaji akanijibu kwamba mwaka mmoja haumuumizi mtu. Nikala hasara, nikanunua kingine.

Kubomoa: geuza juu chini, skrubu ziko tumboni, nyingine zimejificha chini ya ekseli. Piga picha kila hatua. Toa vioo, siti, bampa, kila cha plastiki, ubaki na bodi tupu ya chuma. Chuma hiki si bati, ni zamak: zinki ndiyo nyingi, na aluminiamu kama asilimia nne, magnesiamu na shaba kidogo. Kinayeyushwa kwenye joto la nyuzi 400 na ushee, kinasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, ndiyo hiyo daikasti. Bodi tupu ya 1:18 ukiishika ni nzito kuliko unavyotegemea.

Dawa ya kuondolea rangi inapakwa kwenye chuma TU. Ikigusa plastiki umekwisha. Usiku mmoja, asubuhi rangi inabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Sabuni, mswaki, kausha. Praima nyepesi. Msasa wa maji namba 1000. Bluu mara tatu, nyepesinyepesi, usimwage kama unapaka ukuta.

Hapo ndipo nilipoharibu. Gereji yangu haina joto, ilikuwa Desemba, rangi ilikuwa enameli na haijakauka vizuri ndani. Mimi na haraka zangu nikapuliza klia ya lacquer, ile rangi angavu ya kung'arishia, juu yake. Nikatoka kwenda kunywa chai. Kurudi, boneti nzima imekunjamana kama utandu wa maziwa yaliyopoa. Nikakaa chini kwenye ndoo. Mke wangu akaja mlangoni, akatazama, akafunga mlango taratibu.

Nikaanza upya, safari hii bodi nikaikausha ndani, juu ya meza ya chakula, siku nane. Tulikula kwenye makochi.

#11 Spana 17

Hahaha, enameli na klia ya haraka! Huku kijana akifanya hivyo anafukuzwa kijiweni. Rangi ya chini ikiwa bado mbichi, ya juu ina thina kali, inaingia inaivimbisha. Ungeniuliza.

#12 Bint Kiembe Samaki

Samahanini nachomekea. Marehemu baba aliniachia vigari vyake, vingine vya zamani sana kabla ya vita. Viwili vimeanza kupasuka vyenyewe, nyufa kama za ukuta, na rangi inavimba. Havijaanguka. Ni unyevu wa Zanzibar au nimekosea kuviweka?

#13 Fundi Toi

Pole na msiba dada, na pole kwa vigari. Hukukosea. Huo tunauita ugonjwa wa zinki. Zamani kiwandani zinki ilikuwa inachanganyika na uchafu, hasa risasi, tone tu. Ule uchafu unakula chuma kutoka ndani, kati ya chembe na chembe, miaka inavyokwenda kinavimba, kinapasuka, mwishowe kinakuwa ungaunga. Joto na unyevu vinaharakisha, lakini mbegu ilipandwa siku kilipomiminwa. Dawa hakuna. Wala si kwamba kitaambukiza vingine, watu wanaogopa bure. Viweke pakavu, visiguswe sana, vipige picha sasa vikiwa bado na umbo.

Vile vya siku hizi vinaumwa kwa nadra. Tatizo lao kubwa ni matairi: ile plastiki laini ikikaa miaka juu ya kitako cha plastiki inashikana nacho, inayeyuka. Kata karatasi ngumu ndogo uweke chini ya kila gurudumu.

#14 Yakhe wa Ruwi

Allah amrehemu mzee wako, bint.

Mie naongeza kidogo juu ya dragi. Mwaka 1970 Mattel, wenye Hot Wheels, walitoa fedha kuwadhamini wakimbizaji wawili wa kweli, Don Prudhomme aloitwa Nyoka na Tom McEwen aloitwa Nguchiro. Mmoja Barracuda ya njano, mmoja Duster nyekundu, zote Plymouth. Watoto wakanunua vigari vyao viwili na njia ya plastiki ya kushindania, na fedha ya vigari ndiyo ikaendesha magari ya kweli. Kwa kawaida toi humfuata gari. Pale gari lilimfuata toi.

#15 Mama Wawili

Nyoka na nguchiro! Sasa hapo mmeniamsha. Endelea na mzee, mlango mweupe umeishia wapi?

#16 Fundi Toi

Mama Wawili karibu kitini, nilijua utarudi.

Mlango niliupaka peke yake, nje ya gari, mweupe wa kawaida bila klia, uonekane umechoka. Ubavu wa kushoto una yule ndege mdogo, stika ya maji. Ubavu wa kulia hauna, sababu mlango ulitoka kwenye Belvedere. Ringi za nyuma nikazipaka nyeusi isiyong'aa. Matairi ya nyuma nikayafunga kwenye drili ndogo, nikayazungusha juu ya msasa mpaka nakshi zote zikaisha, kipara safi. Kunyanyua nyuma: washa mbili, vile vichuma vya duara vyenye tundu, juu ya ekseli, milimita tatu tu, gari zima likabadilika tabia. Likawa kama mtu anayetaka kuchuchumaa.

Halafu namba ya kwenye kioo. Printa ya nyumbani haichapi nyeupe, kwa hiyo nikaandika kwa mkono, rangi nyeupe ya maji na kijiti cha meno, nimebana pumzi, tarakimu tatu na herufi za daraja lake. Zikatoka safi, nikajipongeza. Nikampelekea mzee Jumatatu.

Kakitoa kwenye kitambaa. Kimya. Akapitisha kidole kwenye ule mlango, mbele nyuma, mbele nyuma. Nikasema hapa leo mzee analia na mimi nalia. Wapi! Akakigeuza juu chini. "Ziko wapi zile pau?" Kumbe alikuwa amechomelea vyuma viwili toka kwenye difu kwenda mbele, ili springi za nyuma zisijikunje gari likiondoka. Havimo kwenye picha yoyote, viko chini! Halafu akatazama namba. "Nani ameandika hivi?" Nikasema mimi. "Tuliandika kwa kiwi nyeupe ya viatu, tumeshikilia soda mkono wa pili, foleni inasogea. Hii imeandikwa na karani wa benki."

Nikairudisha nyumbani.

#17 Mshamba wa Jiji

Mzee mkali huyo. Ila yuko sahihi.

Mkuu, na mimi nina langu. Baba alikuwa na Datsun 160J miaka ya themanini, alikimbia mashindano madogo ya mkoani, hajawahi kushinda kitu. Aina ileile aliyoshindia Shekhar Mehta Safari ya 1979 na 1980. Naweza kupata kigari chake?

#18 Nakuru ya Vumbi

160J za Mehta zipo za 1:43, tafuta kwa subira. Lakini hiyo itakuwa ya Mehta, na stika zake zote. Ya babako utaitoa ndani ya hiyo. Anza kwa kumuuliza baba rangi, na ni wapi iliwahi kugongwa. Usimuulize "ilikuwaje", uliza "iligongwa wapi". Wazee hapo ndipo hufunguka.

#19 Spana 17

Na kama baba yupo, mwambie akuoneshe na alipokuwa anaweka spana.

#20 Fundi Toi

Nimerudi wakuu, wiki tatu baadaye. Pau nimezikata kwenye waya wa hanga ya nguo, nikazinyoosha, nikazibandika kwa gundi ya epoksi. Hakuna atakayeziona gari likiwa limesimama. Namba nimeifuta. Nikampa mzee kijiti na rangi, aandike mwenyewe. Mikono yake inatetemeka siku hizi, ile ya kushika kikombe anatumia miwili. Alichukua kama dakika ishirini, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Nane imelala, saba imegusa fremu ya kioo. Akapuliza. Akasema, "Sasa."

Tukaliweka mezani. Akaanza kusimulia bila kuulizwa. Taa za kuondokea ziko kwenye mlingoti, huku wanauita mti wa Krismasi, zimetumika tangu 1963. Enzi zao, kabla ya kusogea kwenye mstari mnamwagiwa jiki chini ya matairi ya nyuma, unazungusha magurudumu papo hapo mpaka moshi unapanda, raba inapata moto na kunata. Jiki ileile ya kufulia. Harufu ya jiki na raba inayoungua, anasema mpaka leo nikisafisha bafu lake anaisikia Hebron. Mimi nimesafisha bafu lile mwaka mzima, nikimuona anakuja kusimama karibu na mlango, nadhani ananikagua kazi!

Kile cha chungwa bado kiko juu ya friji. Nimekigeuza kitazame mbele, hajakirudisha.

#21 Mama Wawili

Jamani. Hapo pa jiki nimeishiwa.

#22 Bint Kiembe Samaki

Tuwekee picha sasa, tafadhali kaka.

#23 Fundi Toi

Picha tano nimeweka hapo chini. Ya nne ni tumboni, kwa ajili ya Spana, azione pau.

Nilidhani kazi imeisha. Juzi nimefika kazini, amenisubiri na karatasi. Kaandika: Chevelle SS 454, 1970, nyeusi. Nikamuuliza hiyo nayo ulikuwa nayo? Akasema hapana, ni ya jamaa aliyekuwa anamshinda. Mwaka 1970 General Motors walifuta ile sheria yao ya injini, wakaweka lita 7.4 kwenye Chevelle, ile kali zaidi ya nguvu farasi 450. Jamaa akanunua, na mzee na 383 yake hakumpata tena hata mara moja. Ile 13.82 ya kwenye kikaratasi, alishindwa. Nilikuwa sijauliza.

"Utaniwekea ubavuni kwake," anasema. "Gari moja haliwezi kushindana."

Nimeshaagiza. Rangi nyeusi ninayo. Amenipigia simu leo, na theluji yote hii, kunikumbusha jambo moja tu: ya yule jamaa niipake vibaya kidogo.